Monica Wilson na vijiji vya rika: mtafiti wa Rungwe anavyotufundisha kuuliza Itaka



Katika vikao vya maandalizi ya mradi wa maji na kilimo kule Itaka, swali moja limejirudia kutoka pande mbili. Wajumbe wa kamati wanatuuliza kwa nini tunataka kukaa miezi kadhaa tukizungumza na wazee, akina mama na vijana, wakati shida ya maji kila mtu anaijua. Wafadhili wanauliza jambo hilohilo kwa lugha ya bajeti: kwa nini kifungu cha utafiti wa awali ni kikubwa kuliko ilivyozoeleka, na kwa nini posho za wakalimani zimeandikwa humo. Maswali yote mawili ni halali. Badala ya kuyajibu kwa barua fupi, tumeona vema kueleza maisha na kazi ya mama mmoja aliyefika jirani yetu kabisa, Rungwe, miaka ya 1930, akakaa, akasikiliza, na akaacha vitabu ambavyo hadi leo ndivyo tunavyovifungua tukitaka kujua watu wa nyanda hizi waliishi vipi kabla ya kahawa, mgodi na barabara kuu.

Jina lake ni Monica Wilson. Alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, katika familia ya wamisionari wa Kiskoti waitwao Hunter. Alikua kati ya Waxhosa na lugha yao aliijua tangu utotoni, jambo lililomfaa sana baadaye. Alisoma chuo cha Girton, Cambridge, akaanza na historia kisha akahamia anthropolojia, yaani elimu inayochunguza jinsi jamii ya watu inavyoishi, inavyooana, inavyogawana mali, inavyoabudu na inavyogombana. Kati ya mwaka 1931 na 1933 alifanya utafiti Pondoland, akapata shahada ya udaktari mwaka 1934, na kitabu chake cha kwanza, *Reaction to Conquest*, kikatoka mwaka 1936 akiwa na miaka 28 tu. Wakati huo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wachache mno, na waliokuwa tayari kulala kijijini ili kuifanyia kazi walikuwa wachache zaidi.

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza, mtafiti mwenzake. Godfrey alikuwa ameanza kazi kwa Wanyakyusa mwaka 1934 kwa ufadhili wa Rockefeller. Monica akaungana naye, na wakafanya kazi pamoja hadi mwaka 1938.

Walivyogawana kazi

Godfrey alizungumza zaidi na wanaume walioshika dini ya jadi, wakiwamo makuhani wa mvua. Maarufu kati yao alikuwa mzee Kasitile, ambaye maneno yake yamejaa katika vitabu vilivyofuata. Monica alikaa zaidi na wanawake na na Wakristo. Tusisahau kwamba kufikia miaka hiyo Injili ilikuwa imehubiriwa Rungwe kwa zaidi ya miaka 40. Wamoravian na Waberlin walifika mwaka 1891, na kutoka kwa hao wa Berlin ndiko sisi Walutheri wa pande hizi tulikotoka. Kwa hiyo mtafiti huyu hakuwaandika watu ambao hawajawahi kuona kanisa. Aliandika vijiji ambamo mke alikuwa amebatizwa na mume hajabatizwa, au ambamo mzee mwenye wake wanne alikuwa akisimama nje ya kanisa kwa sababu wamisionari hawakumkubali na wake zake wote.

Kama mtoto wa wamisionari, angeweza kuandika kitabu cha kuwasifu wamisionari. Kama msomi wa Cambridge, angeweza pia kuandika cha kuwadharau, maana wasomi wengi wa wakati ule ndivyo walivyofanya. Hakuandika cha namna hiyo wala hii. Alibaki mwamini maisha yake yote, na akawachunguza Wakristo kwa macho yaleyale aliyowachunguzia wasio Wakristo. Kwetu sisi tunaoandika ripoti za miradi ya kanisa, hili si dogo. Ni mara ngapi tumesoma ripoti ambamo waumini wote ni wema na matatizo yote yanatoka kwa "jamii"?

Vijiji vya rika

Kitabu chake kinachojulikana zaidi juu ya Wanyakyusa ni *Good Company*, kilichotoka mwaka 1951. Humo anaeleza jambo ambalo lilishangaza wasomaji wa nchi nyingi: Wanyakyusa walijenga vijiji kwa rika, si kwa ukoo.

Ilikuwa hivi. Mvulana akifika umri wa miaka kumi hivi, aliondoka kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Waliendelea kulima shamba la baba, na chakula walikula kwa mama zao, lakini walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa, walileta wake zao kwenye kijiji chao hichohicho, na wakazeeka pamoja. Baba na mwana hawakuwa kijiji kimoja. Ndugu waliopishana sana umri hawakuwa kijiji kimoja pia.

Kwa nini? Wenyewe walimpa sababu mbili, naye akaziandika zote. Ya kwanza ni heshima. Kijana mkubwa hapaswi kuwa karibu na mambo ya faragha ya wazazi wake, na zaidi ya hapo mke wa mwana na baba mkwe hawatakiwi kukutana kabisa. Mkwe wa kike hakumtazama baba wa mumewe usoni, hakutaja jina lake, alijificha njiani akimwona. Ya pili ni lile walilolieleza kwa neno *ukwangala*: kufurahia kuwa pamoja na walio sawa nawe, kula, kunywa, kuongea bila kuogopa, kusaidiana. Mtu anajifunza hekima na adabu kwa kuongea na rika lake, walisema, na asiyekula na wenzake ni wa kutiliwa shaka. Jina la kitabu linatoka katika neno hilo.

Kila baada ya miaka 30 hivi ilifanyika sherehe kubwa ya kukabidhiana. Wana wakubwa wa chifu walitambulishwa rasmi, nchi ikagawanywa kati yao, vijiji vya vijana vikapewa ardhi na viongozi wao, na wazee wakasogea pembeni. Ardhi na madaraka vilihama kwa pamoja, kwa siku inayojulikana, mbele ya watu wote. Chifu mzee hakutazamiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo.

Tunaomba msomaji asiharakishe kuupita mpango huu kama habari za kale. Kila jamii ina swali la lini wazee waachie na vijana washike. Wanyakyusa walikuwa na jibu lililo wazi, ingawa halikuwa rahisi kwa vijana. Mama Wilson anaonyesha kwamba kabla ya siku hiyo vijana walingoja sana. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, mabinti waliolewa mapema, wanaume walioa wamechelewa, na wazee wenye mali waliongeza wake. Kusubiri kwa vijana ndiko kulikobeba wake wengi wa wazee.

Kisha ikaja fedha. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliwapa vijana mshahara. Kijana akarudi na fedha ya kununua ng'ombe wake mwenyewe, na baba akapoteza rungu lake. Baadaye kahawa na mpunga vikaifanya ardhi iwe kitu cha kushikilia. Mibuni haihamishwi kama kibanda cha mianzi. Mwana akaanza kuona faida ya kubaki karibu na baba ili arithi shamba, badala ya kwenda kujenga na wenzake. Mama Wilson aliporudi mwaka 1955 aliona vijiji vya rika vinatoweka. Habari hiyo ya wazee na vijana aliifuatilia hadi mwisho, na mwaka 1977 akaitolea kitabu kizima, *For Men and Elders*, kinachoanza mwaka 1875 na kufika 1971.

Sasa tutazame Itaka. Wanyiha si Wanyakyusa, na hatutaki kamati yoyote idhani tunasema mila ni zilezile. Lakini kijana wa Itaka wa leo ambaye baba yake hajamgawia shamba, na ambaye ameamua kwenda Tunduma kubeba mizigo mpakani au kuendesha bodaboda, yuko katika hali ambayo yule kijana wa Lupa angeielewa mara moja. Tukiandika katika mpango wa mradi kwamba "vijana hawapendi kilimo", tutakuwa tumeandika jambo ambalo hatujaliuliza. Huenda wanakipenda. Huenda wamechoka kulima shamba lisilo lao.

Pumzi ya watu

Sehemu nyingine ya kazi yake ambayo kamati zetu zingefaidika nayo ni ile inayohusu manung'uniko. Wanyakyusa waliamini kwamba majirani wakikasirishwa na mtu kwa haki, kwa mfano ameshindwa kuwaandalia wenzake karamu iliyopasa au amemdhalilisha mzazi, kunong'ona kwao kunaweza kumpiga kwa ubaridi na ugonjwa. Waliita hiyo pumzi ya watu. Dawa yake ilikuwa kukiri, kuchinja, kula pamoja na kupatana. Kando ya hiyo kulikuwa na uchawi wenyewe, unaodaiwa kufanywa na watu wenye chatu tumboni kwa tamaa ya nyama na maziwa. Nguvu hiyohiyo walidhaniwa kuwa nayo walinzi wa kijiji, ila wao waliitumia kukilinda.

Mwaka 1951 aliandika makala akilinganisha jambo hili na Pondoland. Wanyakyusa, alisema, walimdhania mchawi kuwa na tamaa ya chakula. Wapondo walimdhania kuwa na tamaa ya mapenzi. Alitafuta sababu katika mpangilio wa maisha. Wanyakyusa waliishi na majirani wasio ndugu, wakila pamoja kila siku, na aliyekuwa na ng'ombe wengi alionekana na wote. Wapondo waliishi katika boma la ukoo mmoja, ambamo karibu kila mtu wa rika la kuoana alikuwa amekatazwa. Kwa maneno mengine, watu huogopa pale panapowabana.

Hatuandiki haya ili kuhalalisha imani za uchawi, ambazo zimeleta maumivu na vifo vya wazee wasio na hatia katika nchi yetu. Tunaandika kwa sababu kila mradi huleta kitu kinachoonekana: bomba, ng'ombe wa maziwa, pikipiki ya mratibu, ufunguo wa ghala. Mtunza hazina akijenga nyumba ya bati mwaka huohuo, minong'ono inaanza, na hakuna fomu ya ufuatiliaji yenye safu ya minong'ono. Aliyekaa kijijini anaisikia mapema. Aliyefika kwa gari asubuhi na kuondoka saa tisa haisikii.

Vivyo hivyo kuhusu mkutano wa hadhara. Tukijua kwamba kwa jirani zetu mkwe wa kike hakupaswa hata kumwona baba mkwe, hatuwezi tena kuandika kwa wepesi kwamba "wanawake 60 walihudhuria na kuafiki". Walihudhuria. Je, nani kati yao angesimama na kupinga mbele ya baba mkwe wake? Ndiyo maana tumependekeza Itaka mikutano ya akina mama walioolewa ifanyike peke yake, na ya akina mama wazee peke yake pia, kwa kuwa mama mkwe naye ni kizuizi cha aina yake.

Baada ya Rungwe

Maisha yake hayakuwa mepesi. Mwaka 1938 Godfrey alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini. Alipochunguza maisha ya wafanyakazi wa mgodi Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, alizuiwa kuingia katika makambi yao, na mwaka 1941 akajiuzulu. Alijiunga na kitengo cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Mwaka 1944 alijiua, baada ya kusumbuliwa na sonona. Monica akabaki na watoto wawili wa kiume wadogo na masanduku ya daftari za Rungwe, zake na za mumewe.

Alifundisha Fort Hare, kisha Grahamstown, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1973 akawa profesa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kutoka katika daftari zile alitoa *Good Company* mwaka 1951, kitabu cha mila za ukoo mwaka 1957 na cha mila za jumuiya mwaka 1959. Wafadhili wetu watusamehe tukiomba wahesabu: kutoka mwisho wa utafiti hadi kitabu cha kwanza ni miaka 13. Ripoti ya robo mwaka ingeandika "hakuna matokeo".

Mwaka 1958 alitoa pia kijitabu juu ya watu wa ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, *The Peoples of the Nyasa-Tanganyika Corridor*, ambamo Wanyiha, Wanamwanga, Wasafwa na wengine wanatajwa. Ni chembamba ukikilinganisha na vile vya Wanyakyusa, kwa sababu huku hakukaa. Tofauti hiyo inajieleza yenyewe. Watu aliokaa nao miaka wana vitabu. Waliobaki wana kurasa. Juu ya Wasafwa alitanguliwa na mama mwingine, Elise Kootz-Kretschmer wa misheni ya Wamoravian huko Utengule, aliyetoa *Die Safwa* kwa Kijerumani miaka ya 1920. Wanyiha walimpata Beverley Brock, aliyeandika juu ya Wanyiha wa Mbozi mwaka 1966. Kwa bahati, akina mama wana sehemu kubwa katika historia iliyoandikwa ya nyanda hizi, ingawa ni nadra kuwasikia wakitajwa.

Nyumbani Afrika Kusini aliishi chini ya ubaguzi wa rangi na aliupinga. Kitabu cha mwaka 1963 juu ya kitongoji cha Langa, Cape Town, alikitoa pamoja na mwanafunzi wake Archie Mafeje, na majina yote mawili yako kwenye jalada. Mwaka 1968 chuo chake kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri, kisha kikaufuta uteuzi kwa shinikizo la serikali kwa sababu alikuwa mweusi. Wanafunzi wakalikalia jengo la utawala kwa siku kadhaa. Mafeje baadaye alifundisha Dar es Salaam. Mama Wilson alifariki mwaka 1982 huko Hogsback.

Majina yasiyo kwenye jalada

Kazi yake haikosi wakosoaji, na ni haki kuwataja. Simon Charsley mwaka 1969, na wengine baada yake, walihoji kama vijiji vya rika vilikuwa vya kale na vilivyonyooka kama alivyovieleza, au kama ni mpango uliokua katika karne ya 19 wakati Wanyakyusa wakitawanyika na kupata ardhi mpya. Sisi tunaona hoja hiyo ina uzito. Mtu akiulizwa juu ya mila yake hueleza inavyotakiwa kuwa. Inavyokuwa kweli ni habari nyingine, na huonekana kwa kukaa.

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa zaidi. Akina Wilson hawakufanya kazi peke yao. Walikuwa na wasaidizi Wanyakyusa, akiwamo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani, na John Brown Mwaikambo. Hawa waliandika maelezo, walitafsiri, walifungua milango ambayo mzungu asingefunguliwa. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, *Inside African Anthropology*, kinachosema wazi kwamba elimu ile ilitengenezwa na Mama Wilson pamoja na wakalimani wake. Ilichukua takriban miaka 80 kufika hapo.

Kwa hiyo kuhusu ile posho ya wakalimani katika bajeti ya Itaka. Wazee wengi hueleza mambo ya ardhi na maji kwa Kinyiha, na Kiswahili wanakitumia kwa salamu na mkutano. Mkalimani ndiye atakayejua kama neno lililotumika kwa chemchemi linamaanisha mahali pa kuchota au mahali pasipoguswa. Tumependekeza watu wanne kutoka sharika zenyewe, wanawake wawili na wanaume wawili, walipwe kwa kazi kamili, na majina yao, wakiridhia, yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti pamoja na ya maofisa wa dayosisi.

Kamati za sharika zinaombwa kujadili mapendekezo haya katika vikao vya kawaida na kutuletea majina kabla ya mvua kuanza, kwa maana baada ya hapo watu wako shambani na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukaa na sisi. Wafadhili wanaotaka mchanganuo wa kifungu hicho watumiwe na ofisi ya miradi. Na usharika wowote wenye mzee anayekumbuka jinsi ardhi ilivyokuwa ikigawanywa kabla ya mibuni kupandwa Itaka, tunaomba utujulishe mapema, tuje kwake kwanza.